Mlango wa Siri, Ufuo wa Dunga au Sebuleni: Rafiki Akija Kisumu, Jioni Mkae Wapi?

Rafiki ametuma ujumbe: anafika Kisumu Ijumaa kwa basi la asubuhi, Jumamosi ana harusi ya binamu yake, Jumapili anarudi Nairobi. Ukipiga hesabu, mna jioni moja tu ya kukaa wawili. Yeye amesikia kuna baa ya kokteli isiyo na bango, unaingia kwa mlango unaofanana na kabati, na tayari ameuliza avae nini. Wewe unajua pesa hizo hizo zingewalisha samaki Dunga mpaka mshindwe kuinuka. Na ukiwa peke yako jikoni unajiuliza pia: kwani nyumbani hakuna viti?

Ulinganisho huu ni wa aliyekwama hapo. Nimechukua chaguo tatu: baa ya mlango wa siri, ufuo wa Dunga ulio kando ya Ziwa Victoria, na kuchanganya vinywaji nyumbani. Sitaji baa yoyote kwa jina. Huku kwetu baa za aina hii bado ni chache, na nyingine hufunguliwa kwa kishindo halafu baada ya miezi kadhaa mlango wa siri unakuwa wa siri kweli kweli, kwa kuwa una kufuli.

## Tunapima nini

Kwanza ni mazungumzo: je, watu wawili wanasikizana bila kupaza sauti? Hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote, maana mtu aliyekaa kwenye basi saa saba au nane hakuja kusikiliza spika. Pili, kinywaji chenyewe: kimetengenezwa vizuri, na asiyetumia pombe anapata nini? Tatu, chakula, kwa sababu pombe juu ya tumbo tupu imeharibu jioni nyingi kuliko mvua. Nne, bili, na hapa sisemi bei peke yake. Nasema kama unaweza kuikadiria kabla hujaketi. Tano, kufika na kurudi, hasa kurudi.

Mandhari sikuyaweka kwenye vipimo. Hayo mtaamua kwa macho yenu.

Kuna jambo la saa ambalo linagusa chaguo mbili za kwanza. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile tunayoiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliweka saa za baa za kawaida kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Klabu za usiku zina leseni yao tofauti. Kwa hiyo ukimwambia rafiki "tutatoka tukishapumzika kidogo", halafu mkatoka saa tatu na nusu, mmejiachia muda wa glasi mbili na mabishano na mlinzi.

## Baa ya mlango wa siri

Mtindo huu una asili yake. Marekani ilipiga pombe marufuku kuanzia 1920 hadi 1933, na wanywaji wakahamia vyumba vya nyuma na vya chini ya ardhi, ambako mtu alichungulia kwanza ndipo akafungua. Marufuku ilipoisha, kujificha kukakosa maana. Miongo mingi baadaye, mkesha wa mwaka 2000, Sasha Petraske alifungua Milk & Honey jijini New York: chumba kidogo, hakuna bango, nambari ya simu ambayo hupewi na mtu usiyemjua, na kanuni za nyumba. Hakuna kupiga makelele. Wanaume wavue kofia. Mwanamume asijipeleke kwa mwanamke ambaye hajamwita. Mwaka 2007 ikafuata PDT, mjini humo humo, ambayo unaingia kupitia kibanda cha simu kilicho ndani ya mgahawa wa soseji. Wengi waliofungua milango ya siri baada ya hapo, Nairobi ikiwemo, wamechota kwao.

Huku kwetu mlango wa siri haukuwa mtindo. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilikuwa haramu kwa sheria ya 1980, na sheria hiyo haikufutwa hadi ilipokuja ile ya 2010. Miaka yote hiyo, mtu wa Nyalenda au Kondele aliyetaka glasi alijua ua wa kuingilia, jina la mama pima aliyeiuza na namna ya kubisha. Askari walipokuja, alijua pia ua wa kutokea. Kwa hiyo ukimpeleka baba mdogo kwenye baa ya kokteli na kumweleza kwamba bei imepanda kwa sababu mmejificha, usishangae akicheka.

Na ana haki ya kucheka, kwa sehemu. Kabati linalofunguka ni mchezo wa kuigiza wa dakika moja. Kinacholipiwa hasa, pale panapofanywa vizuri, ni udogo wa chumba na zile kanuni.

Mazungumzo. Hapa ndipo baa hii inapong'aa. Viti vichache, hakuna kusimama vichwani mwa watu, muziki uko chini, taa ziko chini zaidi. Kwa wanawake wawili waliotoka pamoja, hili lina uzito wa ziada. Kwenye baa nyingi za kawaida, meza ya wanawake wawili huletewa bia ambazo hawakuagiza, na nyuma ya bia anakuja bwana anayetaka kujua wametoka wapi. Baa inayofuata kanuni za Petraske, mhudumu ndiye anayemrudisha bwana kwenye kiti chake, na wao hawalazimiki kusema neno.

Lakini si zote. Zipo zilizonunua mlango zikasahau kanuni: ikifika saa tatu anaingia DJ, amapiano inaanza, na kile chumba kidogo kinakuwa debe. Njia ya kujua ni kuuliza unapoweka nafasi, kwa ujumbe mfupi: "Ijumaa mna DJ?" Wakikujibu kwa furaha kwamba yupo, umeshajua. Kuna moja niliyowahi kuingia, mji sitautaja, ambapo neno la siri lilikuwa limebandikwa kwenye ukurasa wao wa Instagram pamoja na ramani na tangazo la bia mbili kwa bei ya moja. Wallahi nilicheka mpaka mlinzi akacheka.

Kinywaji. Pamoja na mazungumzo, hii ndiyo sababu nyingine ya kwenda. Ukikaa kaunta utaona kazi. Kokteli yenye ndimu au juisi hutikiswa kwa nguvu kwenye kopo la chuma mpaka kopo linaota ukungu wa baridi. Ile ya pombe tupu, kama Negroni, hukorogwa taratibu kwa kijiko kirefu, kwa sababu ikitikiswa huingia mapovu na vipande vya barafu vinavyoifanya iwe na maji mengi. Kwenye glasi wanaweka bonge moja kubwa la barafu, na si la urembo: bonge kubwa lina uso mdogo ukilinganisha na ujazo wake, kwa hiyo linayeyuka polepole, na kinywaji kinabaki baridi bila kuzimuka.

Kama hujui uagize nini, usijifanye. Mwambie mhudumu unapenda pombe ipi na kama unataka chachu, tamu au kali. Hapo ndipo utajua kama anajua kazi. Mimi nikiwa na shaka na baa, naagiza Daiquiri ya kawaida: ramu, ndimu na shira, basi. Haina mahali pa kuficha makosa. Na uliza kama wana kitu cha ukwaju, asali ya hapa, tangawizi au juisi ya miwa. Baa iliyo Kisumu, mwendo mfupi kutoka mashamba ya miwa ya Kibos na Muhoroni, halafu inakuuzia shira ya chupa kutoka ng'ambo, hiyo inanipa mashaka.

Asiyekunywa pombe anahudumiwa vizuri hapa kuliko baa ya kawaida. Anapata kinywaji kilichochanganywa, glasi nzuri, na hakuna anayemuuliza kama anaumwa.

Chakula. Kidogo na ghali. Karanga, vijiti vya kuku, viazi kwenye bakuli la mbao. Kuleni kwanza.

Bili. Kokteli moja mara nyingi hukaribia bei ya bia mbili au tatu za baa ya mtaani, na kwingine huzidi hapo. Ila inakadirika: omba menyu kwa WhatsApp, zidisha kwa glasi mbili mbili, ongeza bakshishi, na uulize mambo mawili mapema. Je, bei ni pamoja na VAT na ada ya huduma? Na je, kuna kiwango cha chini cha matumizi kwa meza? Hilo la pili ndilo huwashtua watu. Hatari nyingine ni glasi ya tatu, ambayo hakuna anayekumbuka nani aliiagiza.

Kufika na kurudi. Ziko katikati ya mji au Milimani, tuktuk inafika mlangoni, ingawa dereva atakuuliza "Boss, ni wapi hapa?" maana hakuna bango. Weka nafasi siku mbili tatu kabla. Ukichelewa, meza inapewa mwingine. Kurudi ni rahisi.

Inawafaa walio na jambo zito la kuzungumza, wanaopenda kuona kitu kikitengenezwa, na rafiki ambaye ameshavaa. Haiwafai wenye njaa, wala kundi linaloanza na watu wawili na kuishia saba.

## Ufuo wa Dunga

Watu wa Kisumu humpeleka kila mgeni Dunga, na kwa sababu hiyo wenyewe wameichoka. Ni haki yao. Lakini mgeni hajaichoka.

Mazungumzo. Inategemea siku na saa. Jumapili alasiri familia na makundi hujaa, spika za jirani zinashindana, ohangla huku na rumba kule. Siku ya kazi au Ijumaa mapema, ukifika kama saa kumi na moja jioni, unapata meza karibu na maji na sauti kubwa ni ya mashua na ndege wa kwenye mafunjo. Jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima, kwa hiyo mna zaidi ya saa nzima ya mwanga mzuri.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi. Samaki wa Dunga analiwa kwa mkono. Vidole vikishapakaa mchuzi na mafuta, hakuna anayeshika simu. Inalia, inatazamwa, inaachwa. Sijaona kanuni ya baa yoyote inayofanya kazi hiyo vizuri hivyo.

Kinywaji. Hapa hakuna kokteli, na ukiiona kwenye menyu nakushauri upite. Kuna bia, soda, maji, na swali la weita: "Baridi ama moto?" Rafiki wa Nairobi aliyezoea friji huenda akashangaa kwamba kuna watu, tena wengi, wanaojibu "moto" bila kufikiri. Ukitaka historia ya mahali, kiwanda cha bia cha Kisumu kilifunguliwa upya 2019 kutengeneza Senator Keg, bia inayotumia mtama. Haiuzwi kila mahali pa mgeni, lakini mjini wanaoinywa ni wengi.

Asiyekunywa hana shida kabisa. Soda ya madiaba na samaki mkubwa, yeye ndiye mfalme wa meza.

Chakula. Hapa sasa. Samaki hachaguliwi kwenye karatasi. Anachaguliwa kwenye sinia. Mama anainua kitambaa, unaona ngege, yaani tilapia, wamelala kwa ukubwa, na vipande vya mbuta, yaani sangara, pembeni. Tazama jicho: likiwa angavu na limejaa, ni wa leo, likiwa limezama na lina utando, endelea kutazama. Omba akufunulie mashavu, yawe mekundu. Kisha uliza, kwa adabu: "Mama, huyu ni wa ziwa ama wa kizimba?" Siku hizi ngege wengi wanafugwa kwenye vizimba vya wavu ziwani humo humo, na wengine walioganda wanatoka China. Wa kizimba si mbaya, ana nyama na bei yake ni tulivu, ila ujue unalipia nini. Mama mwenye samaki wa ziwa atakujibu kabla hujamaliza swali.

Mpatane bei hapo hapo, kwa samaki mliyemnyooshea kidole. Mwambie wa kukaanga kwanza kisha achemshwe na nyanya, vitunguu na dania, ile weti frai. Mtasubiri, nusu saa ni kawaida, na ikijaa ni zaidi. Ndio maana mnaagiza mkifika, kabla ya kuanza kupiga picha za jua. Anakuja mzima, kichwa na mkia nje ya sahani, ugali umefunikwa, kachumbari na mboga za kienyeji kando. Aliyekulia hapa ataanza na kichwa. Usimnyang'anye.

Bili. Kwa shibe mnayopata, hii ni nafuu kuliko baa ya kokteli. Lakini inakadirika vibaya: bei ya samaki inategemea ukubwa, siku, na jinsi mlivyovaa. Dawa ni kupatana kabla, kama nilivyosema, na kulipa bia kila zinapoletwa. M-Pesa inakubalika, hata hivyo tembea na noti chache za mwanamuziki wa meza kwa meza na za mlinzi wa gari.

Kufika na kurudi. Kutoka mjini ni kilomita chache tu, bodaboda au tuktuk. Mchana hakuna neno. Usiku ndipo pana kazi: barabara ina giza, bodaboda wanapungua, na bei inapanda. Chukua nambari ya dereva aliyewaleta, mwambie saa ya kurudi. Mbu wako, na hili ni eneo la malaria, kwa hiyo mikono mirefu na dawa ya kupaka si mapambo. Na msiende kutembea kando ya maji gizani kutafuta utulivu. Viboko nao hutoka wakati huo kutafuta majani.

Inawafaa mgeni wa mara ya kwanza, wenye njaa, marafiki wanaokuja na watoto, na wale ambao urafiki wao hauhitaji taa hafifu. Haiwafai wenye siri ya kusimuliana, maana meza ya jirani iko karibu na watu wa Kisumu wana masikio.

## Sebuleni kwako

Watu wanaidharau hii kwa kuwa haina picha ya kuweka mtandaoni. Lakini ukiiandaa kama unavyoandaa mgeni wa kweli, inashindana.

Mazungumzo. Kama watoto wamelala na jirani hana sherehe, hakuna pa kuipita. Hakuna saa tano usiku, hakuna mhudumu anayezungukazunguka mkianza kunong'ona. Tatizo ni moja: mwenyeji hakai. Anainuka kuleta barafu, anainuka kutazama kuku, anainuka kwa kuwa mama mkwe amepiga simu. Ukichagua nyumbani, kata orodha iwe ya vinywaji viwili tu, na kila kitu kiwe kimekatwa na kupimwa kabla rafiki hajavua viatu.

Kinywaji. Viwili vyenyewe ni hivi. Cha kwanza ni dawa, kokteli ambayo Mkenya hahitaji kufunzwa: kata nusu ya ndimu vipande vinne, ziweke kwenye glasi fupi na kijiko cha sukari ya kahawia, ponda kidogo utoe juisi bila kuvuruga maganda yakawa machungu, mimina mililita 60 za vodka, jaza barafu iliyovunjwavunjwa, kisha chovya kijiti kwenye asali nzito na ukisimike humo. Anayekunywa anakoroga mwenyewe kadiri ya utamu anaoutaka. Kenya Cane, pombe yetu ya miwa, inakaa vizuri sana mahali pa vodka.

Cha pili ni Daiquiri ile ile niliyoitaja: mililita 60 za ramu nyeupe, 25 za ndimu iliyokamuliwa sasa hivi, 20 za shira. Shira ni sukari na maji kipimo sawa, vikipashwa mpaka sukari iyeyuke, basi ipoe. Huna kopo la kutikisia? Chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko kisichovuja inatosha. Tikisa mpaka mkono ukuume kwa baridi, chuja. Barafu ndiyo inayowaangusha wengi. Usitegemee vile vipande vidogo vya kwenye trei. Jaza maji kwenye mkebe wa chakula, gandisha usiku kucha, halafu uvunje mabonge. Gandisha mapema, Alhamisi, kwa sababu stima ya Ijumaa huijui.

Kwa asiyekunywa, ukwaju uliolowekwa, tangawizi ya kutwanga, asali na maji ya soda. Mpe glasi ile ile unayotumia wewe.

Neno moja zito kuhusu chupa. Nchi hii imezika watu wengi kwa pombe iliyochanganywa methanoli. Mwaka 2000, Mukuru kwa Njenga, Nairobi, walikufa zaidi ya 100 kwa tukio moja. Pombe bandia huingia hata kwenye chupa za majina makubwa. Nunua duka kubwa linalokupa risiti, tazama stempu ya ushuru ya KRA juu ya kifuniko, na uikague kwa programu ya Soma Label kwenye simu. Chupa iliyo nafuu kuliko kila mahali, iache hapo ilipo.

Chakula. Ni wewe tu. Kuku wa kienyeji ukiweza, omena wa kukaanga wakauke kabisa kama kitafunio ukishindwa. Omena wakavu wenye ndimu na pilipili, pamoja na Daiquiri, nawaweka mbele ya karanga za baa yoyote.

Bili. Mara ya kwanza inauma, kwa sababu unanunua chupa mbili nzima. Lakini mzinga mmoja wa mililita 750 unatoa kokteli 12 za kipimo nilichotoa, kwa hiyo mgeni wa pili na wa tatu wanakuja kwa bei ya ndimu.

Kufika na kurudi. Rafiki analala hapo hapo. Hakuna Alcoblow, kile kipima pombe cha askari barabarani, hakuna bodaboda wa usiku.

Inawafaa wenye watoto wadogo, wanaobana pesa, wanaopenda kupika, na rafiki ambaye ana jambo linaloweza kumtoa machozi. Haimfai mwenye nyumba ndogo na wageni wengine wa harusi wanaolala sebuleni.

## Na kama mko Nakuru?

Chaguo la kwanza na la tatu hayabadiliki sana. La pili linabadilika: ziwa la Nakuru liko ndani ya hifadhi ya taifa, halina ufuo wa kukaa na bia na samaki. Mahali pake patachukuliwa na nyama choma, na vipimo ni vile vile: chagua nyama kwa macho, patana bei kwa kilo, agiza mkifika. Jioni za Nakuru zina baridi, mji uko juu kuliko Kisumu kwa mita zaidi ya 600, basi koti la rafiki lisibaki kwenye begi.

## Kwa hali yako

Kama rafiki hajawahi kufika Kisumu, anzeni Dunga hata kama moyo wake uko kwenye kabati linalofunguka. Anaweza kupata kabati Nairobi.

Kama mmekuwa mkiandikiana miezi kadhaa kuhusu kazi iliyoisha au ndoa inayoyumba, nendeni baa ya mlango wa siri, kona na si kaunta, baada ya kuuliza habari za DJ. Ikiwa yupo, rudini nyumbani mapema na mtumie ile Daiquiri.

Kama mmoja hatumii pombe na mwingine anapenda, baa ya kokteli na sebule zinawatendea haki sawa. Dunga pia haina ubaguzi, ila itamnywesha soda tupu.

Kama bajeti ni ya mtu mmoja na mnakula wawili, nyumbani. Kama bajeti ni ya wawili na njaa ni ya wanne, Dunga.

Kama ni wanawake wawili mnaotaka kukaa bila kusumbuliwa, nyumbani au mlango wa siri. Hapo mlango wa siri ujaribiwe kwanza mchana: piteni, muulize habari za nafasi, mtazame jinsi mlinzi anavyozungumza nanyi. Mlinzi wa mchana mwenye dharau hatakuwa na adabu saa nne usiku.

Na kama hamwezi kuamua, chaguo mbili zinaungana vizuri katika jioni moja: Dunga saa kumi na moja kwa samaki na jua, nambari ya tuktuk mfukoni, mnaondoka saa moja na nusu kabla mbu hawajashika zamu, kisha nafasi ya saa mbili na nusu kwenye baa, tumbo likiwa limejaa, glasi mbili kila mtu na si zaidi. Nafasi iwekwe Jumatano. Na nendeni kwanza mkanawe mikono kwa ndimu, kwa sababu harufu ya weti frai haifichiki hata nyuma ya kabati.